Lenzi ya pembe pana: Kwa nini milima ya Uvira hupungua kwenye picha, na namna ya kuchagua lenzi inayokufaa

Saa kumi na mbili asubuhi, jua linapochomoza nyuma ya milima ya Burundi, mwanga wake wa kwanza hauangukii nyumba za Uvira. Unavuka Ziwa Tanganyika, unagonga vilele vya milima ya Mitumba nyuma ya mji, kisha unashuka taratibu kwenye miteremko hadi kufikia mabati ya nyumba na mitumbwi iliyovutwa mchangani.

Kwa dakika chache mlima wote huwa na rangi ya shaba. Aliyesimama ufukweni na kamera hutaka kitu kimoja tu: kuuchukua mlima huo wote, pamoja na mji na maji. Hufungua lenzi hadi mwisho wa upana wake, hubonyeza, kisha hutazama kioo cha kamera na kukuta mlima umekuwa kama tuta la viazi.

Wengi huamini kwamba dawa yake ni kununua lenzi iliyo pana zaidi. Kwa kweli, lenzi pana zaidi itaufanya mlima uwe mdogo zaidi. Kabla ya kutoa dola mia kadhaa, au kumwomba ndugu aliye Dubai au Nairobi akuletee, inafaa kujua lenzi hii hufanya nini hasa na mahali kama Uvira panadai nini kutoka kwake.

Mji uliobanwa kati ya mlima na maji

Uvira, katika mkoa wa Kivu Kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, uko kwenye ncha ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Tanganyika. Upande wa mashariki ni ziwa lenye urefu wa takriban kilomita 670 na kina kinachofikia mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Upande wa magharibi ni ukuta wa milima, ambayo kuelekea nyanda za juu za Itombwe inapita mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa lenyewe liko kwenye mita 770 na ushei. Kati ya maji na miguu ya mlima pamebaki ukanda mwembamba, na humo ndimo mji umejipanga kwa urefu.

Kaskazini hali hubadilika ghafla. Bonde la mto Ruzizi, unaoleta maji kutoka Ziwa Kivu, ni tambarare pana na lililo wazi. Ng'ambo, umbali wa kilomita zipatazo 25, unaonekana mji wa Bujumbura, na usiku taa zake humetameta juu ya maji.

Kwa hiyo, mpiga picha wa Uvira ana mandhari tatu tofauti ndani ya mwendo mfupi: mlima ulio karibu sana, ziwa pana lenye milima ya mbali upande wa pili, na tambarare isiyo na kitu kirefu cha kushika jicho. Hakuna lenzi moja inayozitendea haki zote tatu.

Mwanga nao una utaratibu wake. Asubuhi jua hutokea ziwani na kuupiga mlima usoni, na huo ndio wakati mzuri wa kuupiga picha. Jioni jua huzama nyuma ya mlima, na kivuli huufunika mji mapema huku Bujumbura bado ikiota jua. Ndiyo maana picha nyingi za machweo ya Ziwa Tanganyika zinazoonyesha milima ya Congo hupigwa kutoka upande wa Burundi. Mkazi wa Uvira ni mtu wa macheo, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua hupanda haraka. Ukichelewa nusu saa, rangi ile imekwisha.

Pembe pana ni upana gani?

Upana wa lenzi hupimwa kwa urefu wa fokasi, na huandikwa kwa milimita. Namba inavyokuwa ndogo, ndivyo lenzi inavyoona eneo pana zaidi. Kwa kamera yenye kihisi kikubwa, kile kinacholingana na filamu ya zamani ya milimita 35, lenzi ya milimita 50 huona takriban nyuzi 40 kutoka kushoto hadi kulia. Ya milimita 35 huona nyuzi 54, ya milimita 24 huona nyuzi 74, na ya milimita 16 huona nyuzi 97, yaani zaidi ya pembe mraba. Kwa kawaida lenzi huanza kuitwa ya pembe pana kuanzia milimita 35 kushuka chini, na pana kupindukia inapokuwa chini ya 24.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Kamera nyingi za bei nafuu hazina kihisi kikubwa. Zina kihisi kidogo kiitwacho APS-C, ambacho hukata kingo za picha na kuifanya lenzi ionekane nyembamba kuliko namba yake. Kwa Nikon, Sony na Fujifilm zenye kihisi hicho, zidisha namba ya lenzi kwa 1.5. Kwa Canon, zidisha kwa 1.6.

Lenzi ya milimita 24 iliyosifiwa na mwenye kamera kubwa, ukiifunga kwenye Canon ndogo, itakuwa kama ya milimita 38. Hiyo si pana tena. Ili upate upana wa milimita 24, unahitaji lenzi ya milimita 15 au 16. Ili upate upana wa 16, unahitaji ya milimita 10.

Kwa upande mwingine, ile lenzi ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera nyingi za aina hii, ambayo wengi huidharau, ikiwa kwenye 18 ni sawa na milimita 27 hadi 29. Hiyo tayari ni pembe pana. Wapo wanaotafuta lenzi pana huku wanayo mkononi.

Na mwenye simu je? Kamera kuu ya simu nyingi za kisasa ina upana unaolingana na milimita 24 hadi 26. Zile zenye kitufe cha 0.5 hufika karibu na milimita 13 hadi 16. Yaani mtu aliyekaa ufukweni na simu ya namna hiyo ana lenzi mbili pana mfukoni. Tofauti ni kwamba ile ya 0.5 mara nyingi ina kihisi kidogo zaidi, hivyo alfajiri na jioni picha zake huwa na chembechembe na kukosa uwazi.

Hesabu ya mlima unaopungua

Tuchukue mfano wa mlima uliopanda mita 1,500 juu ya mahali uliposimama, kilele chake kikiwa umbali wa kilomita 5. Piga picha ya mlalo kwa kamera ya kihisi kikubwa, kisha ichapishe kwenye karatasi yenye kimo cha sentimita 20.

Kwa lenzi ya milimita 50, mlima utakuwa na kimo cha sentimita 12 na nusu kwenye karatasi. Kwa lenzi ya 24, utakuwa sentimita 6. Kwa lenzi ya 16, sentimita 4. Sehemu yote iliyobaki ni anga na ardhi iliyo mbele yako. Kama mbele yako hamna kitu zaidi ya mchanga mtupu, umenunua lenzi ya kupiga picha ya mchanga.

Hali ni ngumu zaidi ukigeuka kutazama ziwa. Milima ya Burundi iliyo kilomita 40 kutoka ulipo, hata ikipanda mita 1,500 juu ya maji, kwa lenzi ya milimita 24 itakuwa na kimo cha chini ya sentimita moja kwenye karatasi hiyohiyo. Kwa macho yako ilikuwa ukuta wa bluu, lakini kwenye picha ni uzi. Ukitaka milima ile isimame kama unavyoiona, lenzi inayohitajika ni ndefu, ya milimita 200 hivi, ambayo ingeipa sentimita 6 na zaidi.

Jicho halifanyi kazi kama lenzi. Tukitazama mlima, akili huuchagua na kuupa nafasi kubwa, ikasahau anga na ardhi. Kamera haichagui. Huandika kila kitu kwa kipimo chake.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa anayetaka lenzi pana ili mlima uonekane mkubwa ni hili: usinunue. Zungusha lenzi yako ya kawaida hadi 35 au 50 na usimame mahali ambapo mlima unajaza fremu. Kama hata hivyo haukuenei wote, geuza kamera wima, piga picha nne au tano zinazopishana kidogo kutoka kushoto kwenda kulia, kisha ziunganishe kwa programu ya simu au kompyuta. Utapata upana bila kuupunguza mlima, na hutalipa senti.

Kazi yake ni kilicho karibu

Basi lenzi pana ni ya nini? Ni ya kukusogeza karibu na kitu kilicho miguuni mwako bila kupoteza kilicho nyuma yake.

Chukua kikapu cha ndagaa, au ndagala kama wanavyoitwa pande hizi, chenye upana wa nusu mita. Kiweke mita moja kutoka kwenye lenzi ya milimita 16. Kitachukua zaidi ya sehemu moja ya tano ya upana wa picha. Rudi nyuma hadi mita 5, na kikapu hichohicho kinabaki chini ya sehemu moja ya ishirini. Mlima nyuma yake haukubadilika hata kidogo. Hatua nne tu za miguu yako zimebadilisha picha nzima.

Hapo ndipo ufukwe wa Uvira unapokuwa tajiri. Kuna pua za mitumbwi zilizoelekezwa ziwani, nyavu zilizotandazwa, na ndagala wakianikwa kama shuka la fedha juu ya mchanga. Kuna mawe ya mviringo ambayo mito imeyashusha kutoka milimani. Kila kimoja kinaweza kuwa mlango wa picha, mtazamaji akaingia kwa kitu anachoweza karibu kukigusa, akapita kwenye maji, akaishia mlimani.

Kanuni ni rahisi: kama huna kitu cha maana ndani ya mita mbili, huna sababu ya kutumia pembe pana. Kwenye tambarare ya Ruzizi, ambako karibu yako pana nyasi tu, mara nyingi lenzi hii hutoa picha tupu. Isipokuwa mawingu ya masika yamejaa anga, maana hapo anga lenyewe ndilo kitu.

Na hilo linatupa jambo lingine kuhusu msimu. Kati ya Juni na Agosti, vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa hutia ukungu hewani na milima ya ng'ambo hufifia. Mvua ikishanyesha hewa huoshwa. Asubuhi inayofuata usiku wa mvua ndiyo ya kuamka mapema.

Picha inapogeuka kuwa ushahidi

Kwa wengi, haya yote ni mambo ya uzuri. Kwa Uvira si uzuri peke yake.

Aprili 2020 mvua kubwa ziliufanya mto Mulongwe kufurika katikati ya mji. Makumi ya watu walifariki na makumi ya maelfu waliachwa bila makazi. Katika miaka hiyohiyo kiwango cha Ziwa Tanganyika kilipanda na kuingia kwenye makazi na barabara za pande zote mbili za mpaka, Uvira na Bujumbura, na mwaka 2024 kikapanda tena. Si mara ya kwanza: miaka ya mwanzo ya 1960 ziwa lilipanda vilevile, likafikia kilele mwaka 1964. Maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga ulio karibu na Kalemie.

Katika hali kama hiyo, picha ya mandhari huacha kuwa pambo. Huombwa na shirika la misaada, hupelekwa kwa wakuu wa mji, huonyeshwa katika kesi ya kiwanja. Na hapa lenzi pana inaweza kumponza aliyeishika, bila yeye kukusudia kudanganya.

Simama mita mbili mbele ya ukuta wa nyumba, maji yakiwa mita 20 nyuma yake, upige kwa milimita 16. Nyumba itakuwa kubwa na maji yataonekana yako mbali, kana kwamba hakuna hatari. Sasa ingia majini, shusha kamera karibu na mawimbi, upige nyumba ileile kwa lenzi ileile. Maji yatajaa nusu ya picha na nyumba itakuwa kibanda kinachokaribia kumezwa. Picha mbili, siku moja, maji yaleyale. Lenzi ndefu nayo ina ujanja wake: ukipiga kutoka mbali, huyabandika maji kwenye ukuta wa nyumba kana kwamba yameshafika.

Anayepiga picha ili miaka ijayo watu walinganishe hana budi kufuata utaratibu mwingine. Atumie lenzi ya wastani, ya milimita 35 hadi 50. Asimame mahali palepale kila mara, kamera ikiwa kwenye kimo kilekile. Achague kitu kisichohama: nguzo ya umeme, kona ya ukuta, mti mkubwa. Aandike tarehe, saa na milimita alizotumia.

Eneo letu lina mfano mkubwa wa kazi hiyo. Mwaka 1906 Mwitaliano Vittorio Sella alipiga picha za barafu ya milima ya Rwenzori, kwenye mpaka wa Congo na Uganda. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, picha zake bado hutumiwa kulinganisha barafu ilivyokuwa na kidogo kilichobaki. Wapanda milima waliomfuata wamerudi kutazama miteremko ileile, na tofauti inaonekana bila kuhitaji maneno.

Uvira kuna Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, CRH, ambacho kazi yake ni ziwa hili. Mwananchi mwenye kamera hawezi kuchukua nafasi ya wanasayansi wake, lakini anaweza kufanya jambo ambalo hakuna setilaiti inayolifanya kwa ukaribu huo: kuonyesha maji yalifika kwenye ngazi ya ngapi ya nyumba gani, na lini.

Basi uchague ipi?

Kabla ya kununua, fanya jaribio lisilo na gharama. Kwa mwezi mzima, tumia ile lenzi ya 18-55 au simu yako, kisha fungua picha ulizozipenda na utazame milimita zilizorekodiwa ndani yake. Kama nyingi ziko kwenye 18, na mara kwa mara ulitamani kusogea karibu zaidi ukashindwa, basi pembe pana itakufaa. Kama nyingi ziko kati ya 35 na 55, weka akiba yako.

Kwa mwenye Canon ya kihisi kidogo, lenzi ya EF-S 10-18mm, iliyotoka mwaka 2014, ni nyepesi, gramu 240 hivi, na huingia kwenye mfuko wa koti. Inaanzia upana unaolingana na milimita 16. Kumbuka tu kwamba lenzi za EF-S hazifungwi kwenye kamera za Canon za aina ya DSLR zenye kihisi kikubwa. Kwa mwenye Nikon ya kihisi kidogo, mwenzake ni AF-P DX 10-20mm, lakini hakikisha kwanza kwamba kamera yako inaikubali, kwani baadhi ya kamera za zamani za Nikon haziwezi kuifokasi.

Kwa mwenye kihisi kikubwa na mfuko mdogo, lenzi ya zamani ya milimita 24 au 28 isiyo na zumu hutosha kabisa. Anayehitaji zumu anaweza kutafuta Canon 17-40mm f/4, iliyoanza kuuzwa mwaka 2003 na ambayo bado inapatikana kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika.

Lenzi ya Samyang ya milimita 14 huwavutia wengi kwa bei yake. Ni nzuri kwa nyota, lakini haijifokasi yenyewe, na kioo chake cha mbele kimebenuka kiasi kwamba huwezi kukifunga filta ya kawaida. Pia hupinda mistari kwa mawimbi. Mbele ya ziwa hilo huonekana haraka, kwa sababu upeo wa maji ni mstari ambao kila mtu anajua umenyooka.

Je, ulipie zaidi kwa f/2.8?

Namba ya f hueleza ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga: namba ndogo, tundu kubwa. Lenzi zenye f/2.8 ni ghali na nzito. Kwa mandhari ya mchana huzihitaji, kwa sababu utalifunga tundu hadi f/8 au f/11 ili vitu vya karibu na vya mbali vionekane vizuri kwa pamoja.

Kwa kamera ya kihisi kikubwa yenye lenzi ya milimita 24 kwenye f/8, ukifokasi umbali wa mita 2.4, kila kitu kuanzia mita 1.2 hadi mlimani kitakuwa safi. Kwa kihisi kidogo chenye lenzi ya milimita 18 kwenye f/8, fokasi mita 2 na utapata kuanzia mita moja. Usiendelee kufunga hadi f/22 ukidhani utapata zaidi. Tundu dogo mno hutawanya mwanga na picha yote hulegea.

Tundu kubwa lina faida usiku. Wavuvi wa ndagala hutoka na taa zao, na ziwa hujaa nukta za mwanga. Kwa kuwa mitumbwi hucheza na mawimbi, huwezi kuacha kamera wazi kwa muda mrefu bila taa hizo kuwa michirizi. Kama picha hizo ndizo unazozipenda, f/2.8 ina thamani yake. Kama sivyo, tumia fedha hiyo kununua stendi imara ya miguu mitatu.

Jihadhari pia na filta ya polaroidi, inayoondoa mng'ao juu ya maji. Kwenye lenzi pana sana hutia doa jeusi upande mmoja wa anga na kuuacha upande mwingine mweupe. Na kwa kuwa macheo ya Uvira hukutaka uelekeze kamera juani, kioo kichafu kitatoa madoa ya mwanga kila mahali. Kitambaa safi ni sehemu ya vifaa.

Unaponunua iliyotumika

Lenzi nyingi zinazofika mikononi mwa wapiga picha wetu zimeshapita mikono mingine. Ichunguze kabla ya kutoa fedha.

Washa tochi ya simu upande mmoja wa lenzi na utazame kutoka upande wa pili. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, ugonjwa wa kawaida wa vifaa vinavyokaa kwenye joto na unyevu. Achana nayo. Fungua na kufunga tundu: mabapa yake yawe makavu, bila mafuta. Zungusha zumu, na usikie kama kuna mchanga unaosaga ndani.

Kisha piga picha ya ukuta wa matofali, ukisimama umeuelekea sawasawa. Kuza picha na utazame pembe zote nne. Zote zikilegea kidogo, ni kawaida ya lenzi pana. Moja ikiwa na ukungu huku nyingine tatu ziko safi, vioo vimehama ndani, pengine kwa kuanguka.

Ukishaipata, itunze kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kando ya ziwa, hilo linaongeza maisha ya lenzi kwa miaka.

Umbali wa mkono mmoja

Jambo la mwisho halihusu kioo. Uvira ni mji wa mpakani ulioonja vita mara nyingi. Desemba 2025 wapiganaji wa M23 waliingia mjini, kisha baadaye wakatangaza kujiondoa. Katika mazingira kama hayo, kamera inayoelekezwa kwa askari, kizuizi cha barabarani, mpaka wa Kavimvira au bandari ya Kalundu inaweza kumletea mwenyewe matatizo makubwa, hata kama alikuwa anatafuta mlima tu. Lenzi pana huongeza hatari hiyo, kwa kuwa huingiza pembeni vitu ambavyo hukuviona. Tazama kingo za fremu kabla ya kubonyeza, na omba ruhusa mapema kwa wahusika.

Kwa watu wa kawaida nako kuna adabu yake. Lenzi ndefu humruhusu mtu kujificha mbali na kuchukua sura ya mwingine bila yeye kujua. Pembe pana haikuachii nafasi hiyo. Ili mama anayegeuza ndagala aonekane kwenye picha, lazima uwe karibu naye kiasi cha kusalimiana. Basi msalimie, mweleze, na akikataa mshukuru uende zako. Akikubali, mweke katikati ya picha, kwa sababu kingo za lenzi hii hurefusha uso na mikono.

Kisha mrudishie picha yake. Pengine nyuma yake kutakuwa na nyumba, ngazi na mstari wa maji wa asubuhi hiyo. Ukiandika tarehe nyuma ya karatasi, siku ziwa litakapopanda tena, kutakuwa na mtu Uvira anayeweza kuonyesha lilikuwa limeishia wapi.